Jinsi ya kuchagua bidhaa za nywele za mawimbi ukiwa Uganda: mwongozo kamili

Malalamiko yanayonifikia ni yaleyale. Dada amenunua shampuu ya bei, kondishona na kopo la mafuta, amefuata maelekezo, na bado nywele zimelala utosini kama zilizopakwa samli huku ncha zimetimka kila upande. Anabadilisha chapa. Matokeo hayabadiliki.

Mara nyingi chapa haina kosa. Tatizo ni uzito. Rafu za Kikuubo na Owino, masoko ya Kampala, zimejaa bidhaa zilizotengenezwa kwa ajili ya nywele za kipilipili. Unywele wa kipilipili umejisokota, kwa hiyo mafuta ya ngozi ya kichwa hayafiki kwenye ncha kwa urahisi, na ndiyo maana unahitaji kupakwa mafuta mazito. Kwenye rafu nyingine utakuta bidhaa za nywele za singa, na hizo huosha mpaka zikakausha. Aliye katikati, mwenye mawimbi, hana rafu yake. Nao si wachache: Wasomali wa Kisenyi, Waethiopia na Waeritrea wa Kabalagala na Kansanga, Wahindi, watoto wa ndoa za mchanganyiko, na wengine wengi tu waliozaliwa hivyo.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukirukia hatua ya kununua kabla ya zile za mwanzo utarudi palepale.

## Vitu vya kuandaa

- Shampuu ya kawaida yenye salfeti, yaani kioshi kikali ambacho lebo hukiandika Sulfate. Pakiti ndogo inatosha, hutaitumia mara kwa mara.
- Kitana chenye meno mapana.
- Fulana kuukuu ya pamba ya kukaushia. Taulo lenye nyuzi ndefu huchokoa mawimbi na kuyatibua.
- Chupa tupu ya maji yenye kifuniko, na kipande kidogo cha sabuni ya mche.
- Simu yenye kamera. Maandishi ya nyuma ya chupa ni madogo mno, ila ukiyapiga picha unaweza kuyakuza.
- Siku moja ambayo huna pa kwenda.

## Hatua ya 1: Ondoa kila kitu kilichoko kichwani

Huwezi kujua nywele zako zinataka nini zikiwa bado zimebeba mafuta ya mwezi mzima. Osha kwa ile shampuu yenye salfeti, suuza, kisha osha tena. Povu la kwanza huwa hafifu kwa sababu linapambana na mafuta. La pili likija jingi na jepesi, umefika.

Kama umekuwa ukipaka mafuta ya mgando yenye vaselini, povu peke yake huenda lisitoshe. Kabla ya kulowanisha nywele, zipake kondishona ya bei nafuu, isugue kwa vidole kwa dakika chache, kisha ndipo uingize maji na shampuu.

Usirudie zoezi hili kila wiki. Ni la kuanzia, na baadaye la mara mojamoja mabaki yakizidi.

## Hatua ya 2: Tazama nywele zikiwa tupu

Chana zikiwa zimelowa, zibanebane kwa fulana, halafu ziache. Usizishike wala usizipulize kwa drayari. Zikishakauka kabisa, simama mbele ya kioo chenye mwanga wa dirisha uangalie mambo matatu.

La kwanza ni umbo. Mawimbi yanayoanzia karibu na masikio na kuonekana kwa shida ndiyo ambayo chupa za nje huyaita 2A. Yanayochora S iliyo wazi ni 2B. Yanayoanzia karibu na utosi, mengine yakiwa yamekaribia kujikunja kuwa pete, ni 2C. Kichwa kimoja kinaweza kuwa na zote tatu, mara nyingi kisogoni yakiwa na nguvu kuliko mbele. Hilo ni la kawaida.

La pili ni unene wa unywele mmojammoja. Chukua mmoja uliodondoka, usugue kati ya dole gumba na cha shahada. Ukihisi kama hakuna kitu, nywele zako ni nyembamba na zitalemewa upesi. Ukihisi uzi, ni nene na zinastahimili zaidi. Hapa watu huchanganya: unaweza kuwa na nywele nyingi sana kichwani na kila mmoja ukawa mwembamba. Uchaguzi wako uongozwe na unene wa mmoja, wala si wingi wa zote.

La tatu ni jinsi zinavyopokea maji. Zikichelewa kulowa na kuchelewa kukauka, magamba madogo yanayofunika kila unywele yamefunga, na vitu vizito vitakaa juu bila kuingia. Zikilowa papo hapo na kukauka haraka, magamba yamefunguka, mara nyingi kwa sababu ya rangi, pasi ya nywele au dawa ya kunyoosha. Lile jaribio la kutumbukiza unywele kwenye glasi ya maji na kungoja uzame usilisumbukie. Mafuta kidogo tu au kiputo cha hewa huuweka juu, ukapata jibu la uongo.

Angalizo: sehemu iliyonyooshwa kwa dawa hairudishi mawimbi kwa bidhaa yoyote. Subiri nywele mpya ziote, ukipunguza ncha kidogo kidogo.

## Hatua ya 3: Pima maji yako

Jaza chupa nusu, tia vipande vyembamba vya sabuni, funga, tikisa kwa nguvu. Povu likijaa na maji ya chini yakabaki karibu maangavu, maji ni laini. Povu likiwa haba na utando wa kijivu ukaelea, maji ni magumu, yaani yana madini mengi ya kalisi na magnesi.

Kwa kawaida anayetumia maji ya bomba ya Kampala, yanayotoka Ziwa Viktoria, huwa hana tabu kubwa hapa. Anayetegemea kisima cha kuchimbwa anaweza kuwa nayo. Madini hubaki kwenye nywele, zikawa ngumu na butu hata ukipaka nini. Nimeona watu wakilaumu kondishona nzuri kabisa kumbe tatizo lilikuwa jerikani.

Dawa yake ni maji ya mvua kwa kusuuzia mara ya mwisho. Usikinge yale ya dakika za mwanzo, yanayoosha vumbi la mabati. Au weka kijiko kimoja cha chakula cha siki ndani ya lita moja ya maji, mimina, kaa kidogo, suuza. Ndimu achana nayo, asidi yake ni kali kwa ngozi ya kichwa.

## Hatua ya 4: Soma mgongo wa chupa

Mbele ya chupa ni matangazo: parachichi, nazi, asali, picha ya msichana mwenye mawimbi hadi kiunoni. Parachichi hilo huenda likawa la mwisho kabisa kwenye orodha. Geuza.

Viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo. Vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kufuatana vyovyote, hivyo mkia wa orodha haukuambii mengi. Kazi kubwa hufanywa na vile vitano au sita vya kwanza. Piga picha, kuza, tafuta haya:

Vya kulemea. Petrolatum, Paraffinum Liquidum, Mineral Oil, Lanolin, na chochote kinachoishia na neno Butter. Kimojawapo kikiwa ndani ya vitano vya kwanza kwenye bidhaa isiyosuuzwa, rudisha rafuni. Si sumu, ila nywele zako haziwezi kukibeba.

Silikoni. Majina yake huishia na -cone au -xane: Dimethicone, Amodimethicone, Cyclopentasiloxane. Hung'arisha na kulainisha, lakini baadhi hujijenga tabaka juu ya tabaka usipoosha kwa shampuu yenye nguvu. Sikubaliani na wanaosema silikoni zote ni haramu kwa nywele. Unayepita kwenye joto la pasi au drayari inakusaidia. Usichoweza kufanya ni kuchagua kondishona yenye silikoni nzito pamoja na shampuu laini sana, kwa sababu hiyo shampuu haitaweza kuiondoa. Zenye PEG mbele ya jina, kama PEG-12 Dimethicone, huyeyuka kwa maji na hazina shida hiyo.

Alkoholi. Hapa pana hofu isiyo na sababu. Cetyl Alcohol, Stearyl Alcohol na Cetearyl Alcohol si pombe ya kulevya wala hazikaushi. Ni mafuta magumu mfano wa nta, yanayolainisha, na karibu kila kondishona nzuri inazo. Akina dada Waislamu huniuliza sana kuhusu hili wakiona neno hilo kwenye lebo, na jibu la kikemia ndilo hilo. Za kukausha ni Alcohol Denat. na Isopropyl Alcohol zikiwa juu kwenye orodha.

Vya kuvuta unyevu. Glycerin, Propylene Glycol, Honey, Aloe Barbadensis. Ni vizuri, lakini hutegemea hali ya hewa. Nitarudi hapo kwenye hatua ya 7.

Protini. Hutanguliwa na neno Hydrolyzed: ya ngano, ya hariri, ya mchele, au keratini. Huzipa nguvu nywele nyembamba na zilizochoshwa na rangi. Zikizidi, nywele huwa kavu na kukatika ovyo.

Ukiweza kuchukua chupa yoyote nyumbani, ukaonyesha kilicho cha kwanza baada ya maji na kusema kinafanya nini, hatua hii umeivuka.

## Hatua ya 5: Chagua shampuu

Kwa kuosha mara kwa mara tafuta iliyoanza na vioshi vya upole: Cocamidopropyl Betaine, Decyl Glucoside, Sodium Cocoyl Isethionate. Sodium Lauryl Sulfate ni kali kuliko Sodium Laureth Sulfate, japo majina yanafanana. Hiyo ya pili, ikichanganywa na Betaine, wengi huivumilia vizuri, na ukiwa na ngozi ya kichwa yenye mafuta inaweza kukufaa kuliko ile ya upole.

Sabuni ya kipande usioshee. Uasidi wa ngozi ya kichwa uko karibu na pH 5.5, nayo sabuni, isiyo na uasidi, hufika 9 au 10, hivyo magamba hufunguka na nywele hukwaruzana.

Una mba? Usiufunike kwa mafuta, kwani fangasi wanaohusika nao hula mafuta hayohayo. Nenda famasi uulizie shampuu ya ketokonazoli, uifuate kwa maelekezo yake, na kondishona upake kwenye ncha tu.

Shampuu iliyokufaa huacha ngozi safi bila kuvuta wala kuwasha.

## Hatua ya 6: Chagua kondishona

Kama fedha inatosha chupa moja tu nzuri, iwe hii. Nyuma yake tafuta Behentrimonium Chloride, Behentrimonium Methosulfate au Cetrimonium Chloride karibu na mwanzo. Hivyo ndivyo hushika kwenye unywele na kuuacha uteleze hata ukisuuza. Mafuta yakiwepo, yawe chini ya hapo.

Mwenye nywele nyembamba achague kondishona inayomiminika. Mwenye nene anaweza kuchukua nzito kidogo, ile ambayo ukigeuza kopo inachelewa kudondoka. Paka kuanzia usawa wa masikio kwenda chini, chana humo humo kwa kitana chenye meno mapana, suuza. Utosini hapahitaji.

Kondishona isiyosuuzwa, ambayo lebo yake huandikwa Leave-In, si lazima. Wenye 2A wengi huharibikiwa nayo. Jaribu kwanza kubakiza chembe ya ile ya kawaida kwenye ncha.

## Hatua ya 7: Chagua cha kushikilia mawimbi

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Watu hununua mafuta wakidhani ndiyo yatatuliza nywele zilizotimka, kumbe mawimbi yanataka kushikwa umbo lake wakati yanakauka. Kinachofanya hivyo ni jeli au povu la kupangia nywele. Kwa nywele nyembamba chukua povu. Kwa nene, jeli.

Kwenye lebo tafuta PVP, VP/VA Copolymer au Polyquaternium, halafu angalia Glycerin iko wapi. Sehemu za kusini, Kampala, Entebbe, Jinja, hewa huwa na unyevu mwingi, hasa miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Gliserini nyingi huvuta unyevu huo ndani ya unywele, ukavimba na wimbi likafumuka. Kwa msimu huo chagua jeli ambayo gliserini yake iko mbali na mwanzo. Anayeishi Moroto au Kotido, huko Karamoja, kiangazi cha Desemba hadi Februari ana shida ya upande mwingine: hewa ni kavu, hivyo vya kuvuta unyevu visikae peke yake bila kondishona ya kuvifunika. Usishangae basi jeli iliyomfaa shangazi yako Karamoja ikikuvuruga ukiwa Entebbe.

Epuka jeli za rangi kali za kulazia kingo za nywele. Nyingi hukauka na kuacha unga.

Kabla ya kupaka kichwani, weka tone la jeli na tone la kondishona yako kiganjani, changanya. Zikilainika pamoja, sawa. Zikigandamana vipunje vyeupe, ndivyo zitakavyofanya kichwani, na watu watadhani una mba.

Paka nywele zikiwa zimelowa chepechepe, ukizifinya kutoka chini kwenda juu. Zikikauka zitakuwa ngumu. Usiogope wala usizioshe. Zifinye tena kwa mikono mikavu mpaka lile ganda livunjike. Jeli nzuri ikivunjwa ganda huacha mawimbi laini yaliyoshikana. Ikibaki kunata, umepaka nyingi au si yako.

Kwa anayevaa hijabu: ngoja zikauke kabisa kabla ya kufunga. Nywele mbichi zikifungiwa siku nzima huleta harufu na muwasho, na wimbi hukaukia kwenye umbo la kilemba. Chini yake vaa kofia ya satini, kwa sababu pamba husugua.

## Hatua ya 8: Mafuta, kama bado unayahitaji

Wengi wakifika hapa wanagundua hawayahitaji.

Shea ya Uganda, ile ya Lango, Acholi na West Nile ambayo Walango na Waacholi huiita moo yao, ni laini kuliko ya Afrika Magharibi na huyeyuka haraka mkononi. Ni nzuri, na ningependa kuisifia bila masharti. Lakini kwa nywele za mawimbi tumia kiasi cha punje ya mchele kwenye ncha, au ipake usiku kabla ya kuosha. Ukiisambaza kichwa kizima utarudi hatua ya 1. Mafuta ya nyonyo ni mazito zaidi. Ya nazi huingia ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha, kwa hiyo mahali pake ni kabla ya shampuu, nusu saa au zaidi.

## Hatua ya 9: Kununua

Nenda na picha za orodha ulizokwisha kusoma, si na jina la chapa peke yake. Muuzaji atakuambia, "Nnyabo, hii inakwenda sana." Inakwenda kwa wateja wengi, na wengi wao nywele zao si kama zako.

Chagua chupa ndogo kwanza. Kagua utepe wa kifuniko, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Bidhaa iliyotengenezwa hapa nchini itafutie alama ya Q ya shirika la viwango, UNBS. Maandishi yaliyokosewa tahajia, rangi ya lebo iliyopauka, au harufu tofauti na ya chupa ya awali ni sababu tosha ya kuondoka. Shampuu inayopimwa kutoka kwenye jerikani usinunue hata ikiwa nusu bei, kwa kuwa hakuna orodha ya kusoma.

Saluni wakikuambia watakupaka keratini ya kutuliza mawimbi, omba kopo usome. Ukiona Formaldehyde, Formalin au Methylene Glycol, kataa. Hizo hunyoosha, na moshi wake huchoma macho na kifua.

## Hatua ya 10: Jaribu moja baada ya nyingine

Paka kidogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, ungoje siku 2. Kukiwa na vipele au muwasho, usiendelee.

Kisha badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, uoshe nacho mara 3 au 4 kabla ya kuhukumu. Ukibadilisha shampuu, kondishona na jeli siku moja hutajua kipi kimeharibu. Piga picha baada ya kila kuosha, mahali pamoja, mwanga uleule.

Zikilala utosini siku ileile ya kuosha, punguza kondishona, na kama haitoshi chukua nyepesi zaidi. Zikinyong'onyea na kuvutika bila kurudi zikiwa mbichi, zinataka protini. Zikiwa kavu na kukatika kwa mlio, protini imezidi, rudi kwenye kondishona isiyo nayo. Zikiwa nzuri asubuhi na kufumuka saa 8 mchana, shughulikia jeli, usiguse shampuu.

Chupa ikishakufaa, angalia mchoro wa kopo lililofunguliwa nyuma yake: 12M ni miezi 12 tangu siku uliyoifungua. Andika tarehe hiyo kwa kalamu chini ya chupa, na usiiache bafuni karibu na dirisha lenye jua.